Ukitaka kuongoza wageni kwa pikipiki, anza na kioo cha pembeni

Swali ninaloulizwa sana kijiweni Kiboroloni ni hili: "Kaka, hiyo kazi ya kuzunguka na Wazungu kwa pikipiki inapatikanaje?" Anayeuliza huwa ana Boxer ya mkataba, anapeleka hesabu ya elfu nane kila siku, na anaendesha vizuri kuliko wageni wengi ninaowapeleka Ziwa Natron. Namwambia, mdogo wangu, kuendesha unajua. Kilichobaki ni kazi nyingine kabisa. Hapo hutokea abiria wa Mbuyuni, kijana anapiga kiki, anaondoka, na mimi nabaki na maneno yangu mdomoni. Leo nayaandika yote.

Nimezaliwa Kirua Vunjo, kwenye kihamba cha baba, katikati ya migomba na kahawa. Pikipiki ya kwanza kuishika ilikuwa Yamaha AG 100 ya bwana shamba, ile yenye keria mbele na nyuma. Alikuwa akiiacha uani kwetu na kuteremka na baba kuangalia mibuni, nami naiosha kwa maji ya mfongo, yaani mfereji wetu wa Kichaga, na kipande cha gunia mpaka spoku zinang'aa. Malipo yangu yalikuwa kupakizwa hadi kanisani na kurudi. Siku aliponiachia usukani nilikuwa na miaka kumi na minne. Ule mwinuko wa kwenda shule, ambao kila asubuhi ulinimaliza pumzi, ulipita chini yangu kama haupo. Nilifika juu, nikazima, nikasikia injini ikilia tik, tik, inapoa. Mpaka leo nikizima pikipiki mahali pa kimya, naisikiliza sauti hiyo kwanza ndipo navua kofia.

Kutoka kijiweni

Mwaka 2008 nilishuka Moshi mjini na kuanza kubeba abiria. Nilibeba miaka minne. Bodaboda ni shule nzuri na usikubali mtu akudharau kwa hilo. Inakufundisha kujua Hiace itasimama ghafla kabla dereva hajagusa breki, kupita sokoni bila kugonga ndoo ya mama yeyote, na kutambua udongo mwekundu wa Rombo ulionyeshewa, ule unaoteleza kama sabuni. Lakini inakujengea pia tabia moja ambayo itabidi uiache, nayo ni kuangalia mbele tu. Abiria umembeba mgongoni, akitikisika, unajua. Mgeni wa safari hukumbeba. Yuko mita sitini nyuma yako, juu ya pikipiki yake mwenyewe, na habari zake zote utazipata kwenye kioo.

Baada ya hapo niliingia gereji. Nilikaa miaka miwili na fundi mzee mmoja ambaye hakutaka mtu afungue nati kabla hajaeleza kwa mdomo inashika nini. Mwaka 2014 nikachukuliwa kama fundi wa gari la nyuma, ile pikapu inayobeba mizigo, maji na spea. Kisha nikawekwa mkia, yaani mwendeshaji wa mwisho kwenye msafara. Nilipokuja kukaa kichwa, yaani kiongozi wa mbele, ilikuwa 2017. Ushauri wangu ni upite njia hiyohiyo, kwa sababu hakuna mwenye akili atakayekupa wageni sita uwaongoze siku ya kwanza, lakini fundi anayejua kurekebisha klachi porini hukubaliwa haraka. Na ukiwekwa mkia, usione umeshushwa. Mkia ndiye anayeona makosa ya wote walio mbele yake, pamoja na ya kiongozi. Mimi nilijifunza zaidi nikiwa mkia kuliko mahali pengine popote.

Karatasi nazitaja kwa haraka. Leseni yenye daraja A, na uifanyie mtihani kweli. Mafunzo ya huduma ya kwanza, siyo ya kusoma tu: ufunge mkono wa mtu, umgeuze aliyelala, umvue kofia ngumu bila kumkunja shingo. Kampuni unayoifanyia kazi iwe na leseni ya biashara ya utalii. Usichukue wageni kwa mlango wa nyuma, maana wakianguka umeanguka nao. Kiingereza anza na maneno ya barabarani, mchanga, shimo, ng'ombe, polepole, kushoto, halafu historia itafuata. Ukiwa na uwezo wa kusoma zaidi, Chuo cha Mweka kiko hapohapo juu ya Moshi tangu 1963, na ukijua wanyama na mimea utaongea na mgeni kitu chenye uzito mnapopumzika.

Jambo la kumwambia mgeni siku ya kwanza

Wengi wanashuka uwanja wa ndege wa KIA wakiwa na picha kichwani: wao, pikipiki, na simba pembeni. Waambie mapema kwamba pikipiki haziruhusiwi kwenye hifadhi za taifa, na Ngorongoro vilevile. Anayetaka kuona kreta, pikipiki tunaziacha Karatu, anapanda gari. Njia zetu ni za pembezoni, na mimi nasema bila kusita kwamba ndizo nzuri zaidi. Kuna Sanya Juu kwenda Ngare Nairobi alfajiri, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikiwa mkono wa kulia, barafu imeshika rangi ya waridi na baridi inaingia kwenye vifungo vya koti. Kuna kona za Mombo kupanda Soni hadi Lushoto. Na kuna Mto wa Mbu, Selela, Engaruka, Engaresero, ambako mafuta jaza Mto wa Mbu mpaka mdomoni, kwa sababu mbele ni zaidi ya kilomita mia moja na hutaki kutegemea petroli ya chupa.

Wanyama watawakuta hata huko. Pande za Makuyuni na Longido twiga huvuka barabara kama wenyeji wengine. Akiwa twiga au punda milia, simama mbali, mwache apite. Akiwa tembo, usizime injini. Kwanza geuza pikipiki ielekee ulikotoka, na wageni wako wageuze, kisha ndiyo mtazame.

Jambo kubwa kuliko tembo, hata hivyo, ni upande wa kushoto. Mjerumani, Mfaransa na Mmarekani wote wamezoea kulia. Kwenye lami yenye magari hawakosei, kwa kuwa magari yanawakumbusha. Wanakosea barabara ikiwa tupu, wakitoka kituo cha mafuta, au baada ya chakula cha mchana wakiwa wameshiba na wanazungumza. Kwa hiyo mimi sianzi kuondoka mahali popote bila kuinua mkono wa kushoto juu, wazi, mpaka kila mmoja ameinua wake. Siku ya tatu wanaanza kucheka. Wacha wacheke, wewe inua.

Lingine ni watoto. Wakitoka shule wanakimbilia barabarani na kunyoosha viganja wagongane na mgeni anayepita. Mgeni anaona ni furaha, na ni furaha kweli, lakini mtoto wa darasa la pili akivutwa na mkono wa mtu aliye kwenye mwendo anaingia chini ya gurudumu la nyuma. Mpungie. Ukitaka kumshika mkono, simama, zima, shuka, salimia na wakubwa waliopo. Vijijini mwendo ni hamsini, na hata pasipokuwa na trafiki mwenye tochi, kibao ni kilekile.

Kioo

Sasa nieleze jambo lililonifanya niandike.

Julai 2018 nilikuwa na wageni watano kutoka Engaruka kwenda Engaresero. Wa nne kwenye mstari alikuwa mama Mjerumani wa miaka 58, muuguzi, mwendeshaji mtulivu ambaye siku nne nzima hakunipa wasiwasi. Lengai, mlima wa volkano, ulikuwa umesimama mbele yetu wazi, bila wingu. Lava ya mlima ule ikitoka ni nyeusi, halafu ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe, ndiyo maana juu panaonekana kama pamepakwa chokaa. Nilikuwa juu ya pikipiki ya Honda XR 250, nimesimama kwenye vikanyagio, mchanga unanyoosha vizuri, na moyo wangu ukawa ule wa kijana wa miaka kumi na minne. Nikavuta mafuta. Kwenye kioo niliona vumbi, nikahesabu kwamba vumbi lile ni wao.

Nilisimama korongoni kuwasubiri. Akaja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Tukakaa. Sauti haikuja. Niliporudi nilimkuta amekaa kwenye mchanga, mkia wetu amepiga magoti pembeni yake, naye mama mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto. Mtulinga ulikuwa umevunjika. Tulimfunga, tukampandisha kwenye pikapu, na mimi nikakaa naye nyuma nimemshikilia bega kila gari lilipokanyaga jiwe, mpaka tukafika kwenye lami. Karibu na Selela akaniambia taratibu, bila lawama: "Ulikuwa unaendesha vizuri sana. Nilikuwa najaribu kukufuata."

Nimeendesha njia ile mara nyingi tangu siku hiyo, na nikifika pale mchanga unapoanza maneno yale huja.

Nilichobadilisha ni hiki. Wageni wote wanawasha taa, mchana na jioni, na mimi nahesabu taa. Wakiwa watano, kwenye kioo ziwe tano. Zikiwa nne, napunguza mafuta. Zikibaki nne baada ya kona inayofuata, nasimama. Vumbi halihesabiwi. Vumbi likiwa zito kiasi kwamba huoni taa, mwendo wako ni mkubwa au nafasi kati yenu ni ndogo. Angalia upepo unalipeleka upande gani, mwambie kila mtu aache nafasi mpaka aone barabara mbele ya gurudumu lake, hata kama ni mita mia mbili. Mwendo unawekwa na aliye mwepesi kuchoka, naye namweka nyuma yangu moja kwa moja, siyo mwishoni, ili nimwone mabega. Mtu akichoka mabega hupanda kuelekea masikioni, na vidole vinne vinaganda kwenye breki ya mbele. Ukiona hivyo tafuta mti wenye kivuli, usisubiri aseme. Wageni wengi hawasemi.

Na njia panda zote, kila mtu anamsubiri aliye nyuma yake. Hageuzi mpaka amwone kwa macho. Kanuni hii niliipata Himo, wakati nikiwa mkia: mgeni wetu mmoja alifunikwa na lori pale Njia Panda, wenzake wakaingia upande wa Marangu, yeye akafuata malori ya njia ya Dar. Tulimpata Mwanga.

Kuna wanaoniuliza kama kuendesha kwa namna hii, jicho moja nyuma, hakuondoi utamu. Kwangu umeongezeka. Ninapopita mchanga sasa sipiti kwa ajili yangu. Nikiona mfereji wa gurudumu la lori uliokauka, nahamia upande mzuri mapema, mita thelathini kabla, taratibu, ili wa pili aone mstari wangu na wa tatu aufuate. Nikiona jiwe lililolegea nanyoosha mguu kulielekea. Halafu naangalia kioo, na taa tano zinahama moja baada ya nyingine kama shanga kwenye uzi mmoja, zote zinalikwepa jiwe nililoliona mimi. Hakuna mwendo kasi niliowahi kwenda ulionipa raha hiyo.

Pancha, saa saba mchana

Utapata pancha. Mara nyingi itakuwa gurudumu la nyuma, mahali pasipo na kivuli. Wageni watakutazama uso kwanza, kwa hiyo kunywa maji, wape nao maji, ndipo ushike spana.

Gurudumu likitoka, ng'oa valvu upepo uishe kabisa. Kazi ngumu ni kuachanisha ukingo wa tairi na rimu. Usipigane nao kwa mguu. Laza gurudumu chini, leta pikipiki nyingine, shusha stendi yake ya pembeni juu ya ubavu wa tairi, karibu kabisa na rimu, kisha iegemeze uzito taratibu. Utasikia "pop" na ukingo umeshuka. Toa tyubu, ijaze upepo, lowesha midomo yako na uipitishe tyubu karibu nayo. Tundu dogo kama la sindano utalijua kwa ubaridi. Weka alama.

Sasa usibandike. Tafuta kwanza kilichotoboa. Funga kitambaa kwenye vidole, pitisha ndani ya tairi polepole mzunguko mzima, kitambaa kitanasa. Miba ya mgunga ina tabia ya kukatika ncha ikabaki ndani ya mpira, nje huoni kitu. Niliwahi kuziba tairi moja mara tatu kwa siku moja kabla sijaipata ncha yenyewe, fupi kuliko punje ya mchele.

Kwaruza kwa msasa mpaka mpira upoteze mng'ao, paka solusheni nyembamba, halafu subiri. Hapa ndipo wengi huharibu. Subiri ikauke hadi ukigusa kwa kifundo cha kidole haishiki, kama dakika tano, na kama jua ni kali funika na kivuli cha mwili wako. Bandika kiraka, kisugue kwa mpini wa spana kuanzia katikati kwenda pembeni. Kabla ya kurudisha tyubu ipulize kidogo tu, ipate umbo, isije ikabanwa na vyuma vya tairi. Na ile nati ndogo ya valvu usiibane kwenye rimu. Ipandishe juu ikutane na kifuniko. Tairi likianza kuteleza kwenye rimu, utaona valvu imeinama, na utajua kabla haijakatika.

Upepo: kwenye lami mimi naweka PSI 28 nyuma, mchangani nashusha hadi 20 au 18. Chini ya hapo, kwa tairi la tyubu, unajitafutia kazi nyingine.

Mkipumzika

Pancha hiyohiyo ni wakati wa kuongea. Engaruka kuna mabaki ya matuta ya mawe na mifereji ya watu waliolima pale kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Mimi huwaambia wageni habari ya mfongo wa Kirua, jinsi maji yanavyogawanywa kwa zamu na jinsi ilivyo vibaya mtu kukata zamu ya jirani, na ghafla yale mawe wanayaona kwa macho mengine. Marangu nawaeleza habari za Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana alikuwa kwenye msafara wa Hans Meyer, Mjerumani aliyefika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889. Usikariri vitabu. Anza na kitu ulichokiosha, ulichokilima au ulichokula, kitakupeleka kwenye historia chenyewe. Na mkifika boma la Wamasai, wewe ndiye wa kwanza kushuka na kusalimia wazee, kofia mkononi. Mgeni atafanya utakachofanya wewe.

Malipo

Utalipwa kwa siku, na bakshishi ni ya juu. Usiipigie hesabu kabla haijafika. Aprili na Mei, masika, wageni wanakauka. Mimi miezi hiyo nafungua mlango wa gereji yangu ndogo na kutengeneza Boxer za vijana wa kijiweni. Omba mkataba wa maandishi unaosema nani atalipa hospitali ukivunjika wewe, siyo mgeni tu. Kampuni ya kwanza iliyonichukua haikunipa, na nilipoteguka goti nilitibiwa kwa michango ya wenzangu wa kijiweni. Sijaisahau hisani hiyo, ndiyo maana nikiulizwa Kiboroloni lazima nijibu.

Jumamosi hii saa kumi na mbili na nusu asubuhi natoka na wenzangu wawili kukagua njia ya Sanya Juu hadi Ngare Nairobi, maana mvua za vuli zimekata korongo moja na wageni wanakuja Januari. Nafasi ya mtu mmoja ipo. Njoo na leseni, kofia yenye kioo, viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, na tyubu ya akiba. Utakaa mkia. Tukifika Boma Ng'ombe nitakuuliza taa ya breki ya nani haiwaki.